Mgeni, mfuko wake na karatasi ya kupekua nyumba

Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa wakimbizi wa ndani na wa jamaa zilizowapokea. Tunayatoa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, mama na baba, vijana, na ninyi viongozi wa kamati na wa nyumba kumi,



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo limekwisha kuleta machozi katika nyumba nyingi. Swali lenyewe ni hili: polisi wakifika na karatasi inayowaruhusu kupekua nyumba ya fulani, je, karatasi hiyo inawaruhusu pia kufungua mfuko wa mgeni aliyemo ndani? Na wakikuta kitu, nani atajibu: mwenye nyumba au mwenye mfuko?

Mahali pengine mgeni ni mtu aliyepita kusalimia, akanywa chai, akarudi kwake. Huku kwetu mashariki mwa Kongo sivyo. Watu wengi waliokimbia vita hawakai katika kambi. Wanakaa katika nyumba za watu. Wamepokelewa na ndugu, na rafiki, na waumini wenzao, na hata na watu ambao hawakuwafahamu hapo mbele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wako wageni ambao sasa wamekaa miaka miwili, mitatu, na jembe walilopewa wamekwisha kulimaliza makali.

Katika hali hiyo mwenyeji ana nyumba, na mgeni ana mfuko. Ndani ya mfuko huo mna kadi ya mpiga kura, karatasi za kuzaliwa za watoto, diploma, picha ya marehemu, na pesa kidogo zilizofungwa katika kitambaa. Kwa mtu aliyekimbia, hiyo ndiyo nyumba yake yote iliyobaki. Mfuko huo ukifunguliwa na kumwagwa chini mbele ya watoto, anajiona amekimbia mara ya pili. Na kikikutwa ndani yake kitu cha hatari, mwenyeji aliyetenda wema anaweza kulala katika kasho kwa ajili ya wema wake.

Ndiyo sababu jambo hili si la sheria tu. Ni jambo la amani kati ya waliokimbia na waliowapokea.

NYUMBA NI NINI MBELE YA SHERIA?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inasema kwamba makao ya mtu hayavunjwi. Hakuna anayeweza kuyaingia kuyakagua au kuyapekua isipokuwa kwa namna na kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Na sheria ya adhabu inamwadhibu mtu anayeingia kwa nguvu nyumbani mwa mwingine bila amri ya mwenye mamlaka na bila sheria kumruhusu.

Wengine wenu mtauliza: "Na sisi tunaokaa chini ya bashi, tuna makao gani?" Jibu ni zuri. Nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa mwaka 1976. Kifungu cha 17 cha mapatano hayo kinalinda maisha ya ndani ya mtu, jamaa yake, makao yake na barua zake. Mwaka 1988 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mapatano hayo ilieleza maana ya neno makao: ni mahali mtu anapokaa, au anapofanya kazi yake ya kila siku. Haikusema lazima pawe na matofali wala mabati. Basi hema ni makao. Chumba ulichopewa na mwenyeji ni makao. Hata ile pembe ya sebule iliyotengwa kwa pazia la kitenge, ikiwa ndipo unapolala na watoto wako, ni mahali unapokaa.

Kwa hiyo tutofautishe wageni wa namna mbili. Yuko mgeni wa kupita, aliyekuja saa moja au siku moja. Na yuko mgeni anayekaa, ambaye nyumba ile imekuwa makao yake pia. Huyu wa pili ana haki juu ya mfuko wake, na tena ana haki juu ya mahali anapolala.

KARATASI INARUHUSU NINI?

Kwa kawaida OPJ, yaani afisa wa polisi anayechunguza makosa, anaingia nyumbani kwa njia mojawapo kati ya hizi tatu. Ya kwanza, amekuta kosa likitendeka au limetendeka sasa hivi. Ya pili, mwenye makao amekubali kwa hiari yake. Ya tatu, ana karatasi kutoka kwa mwendesha mashtaka wa parketi, au wa auditora kwa mambo ya kijeshi. Kwa Kifaransa karatasi hiyo inaitwa mandat de perquisition. Jifunzeni maneno hayo matatu hata kama hamsomi Kifaransa, kwa sababu mara nyingine watu huonyeshwa convocation, ambayo ni karatasi ya kuita mtu tu, nao wakafungua milango yote.

Karatasi ya kupekua inahusu jambo fulani. Kuna kosa linalochunguzwa, na kuna kitu kinachotafutwa. Kamati ile ya Umoja wa Mataifa ilisema waziwazi kwamba upekuzi wa nyumba uishie katika kutafuta ushahidi unaohitajiwa, usigeuke kuwa njia ya kusumbua watu. Ikiwa kinachotafutwa ni pikipiki iliyoibwa, hakuna pikipiki inayoingia katika sakoshi ya mama. Lakini tuseme kweli yote: ikiwa zinatafutwa karatasi za pikipiki hiyo, zinaweza kuingia.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, tusidanganyane. Sheria yetu ya mwenendo wa mashtaka, ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu OPJ kushika vitu vinavyoweza kuonyesha kosa, au kumwondolea mtu kosa, popote vilipo. Msiende basi kuwaambia watu kwamba mfuko wa mgeni haufunguliwi kamwe. Si kweli, na anayeshikilia hivyo mbele ya askari mwenye bunduki anaweza kuumia bure. Jambo ambalo sheria inatupa ni jingine, nalo lina nguvu: kila kitu kijulikane ni cha nani.

Sheria hiyohiyo inasema kitu kilichoshikwa kionyeshwe kwa yule aliyekuwa nacho, ikiwa yupo, ili akitambue, na ikiwezekana atie alama yake. Na inasema iandikwe PV inayoeleza vitu vilivyoshikwa. Sheria inamtazama yule aliyekuwa na kitu, hata kama paa la nyumba si lake. Ikiwa simu ilitoka katika mfuko wa mgeni, PV iseme hivyo. Ikiwa ilitoka chini ya kitanda cha mwenyeji, PV iseme hivyo pia.

Na juu ya simu, ongezeni hili. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda siri ya barua, ya simu na ya kila njia ya mawasiliano, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kushika simu ni jambo moja. Kusoma maneno yako yote na mama yako ni jambo jingine.

SAMAKI MMOJA AKIOZA

Tuna methali inayosema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huko sokoni huenda ni kweli. Mbele ya sheria si kweli. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema wajibu wa kosa ni wa mtu mmoja mmoja: hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa ajili ya tendo la mwingine. Na kila anayeshtakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke.

Maneno hayo yanamlinda mgeni: hawezi kufungwa kwa sababu tu alilala katika nyumba ya mtu anayetafutwa. Yanamlinda mwenyeji pia: hawezi kufungwa kwa sababu tu alimpa nafasi mtu ambaye mfuko wake ulikuwa na kitu kibaya asichokijua. Yanamlinda mke wakati mume ametoroka. Yanamlinda baba wakati mtoto ameingia porini. Mnajua ninyi wenyewe ni mara ngapi mtu hukamatwa badala ya mwingine. Jambo hilo halina ruhusa katika Katiba, hata kama limekuwa mazoea.

WENGINE WALIJIBU NAMNA GANI?

Swali hili la mgeni na mfuko wake limechunguzwa sana katika mahakama za Marekani. Nalitaja kwa sababu mawazo yao yanaweza kutusaidia kufikiri. Sheria yao si yetu, wala hatuwezi kumsomea OPJ wa Bunia au wa Uvira hukumu ya Marekani.

Mwaka 1976, katika mji wa Aurora, jimbo la Illinois, polisi waliingia katika baa wakiwa na karatasi ya kuipekua baa hiyo pamoja na muuza vinywaji wake. Walipekua pia miili ya wateja waliokuwamo. Mteja mmoja, Ventura Ybarra, alikutwa na dawa za kulevya. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilimpa haki. Ilisema kwamba kuwa karibu na watu wanaoshukiwa hakutoshi kumfanya mtu apekuliwe. Karatasi ilihusu baa na muuzaji. Haikuhusu kila aliyekuwa ameketi pale.

Lakini mwili ni jambo moja, na mfuko uliowekwa chini ni jambo jingine. Juu ya mfuko wa mgeni katika nyumba inayopekuliwa, mahakama za nchi hiyo hazikukubaliana. Baadhi zinauliza: je, mgeni alikuwa ameushika au ameuvaa? Akiwa ameushika, unafuata mwili wake. Akiwa ameuacha juu ya meza, unafuata nyumba. Nyingine zinauliza: mgeni huyu ana uhusiano gani na nyumba? Anayelala pale kila siku si sawa na aliyepita kwa dakika kumi. Na nyingine zinauliza: je, polisi walijua, au ilikuwa rahisi kwao kujua, kwamba mfuko huu si wa mwenye nyumba?

Angalieni maswali hayo matatu: nani ameushika, anakaa hapa namna gani, na je, polisi wameambiwa ni wa nani. Hakuna hata moja linalohitaji wakili ili kujibiwa. Mgeni mwenyewe anaweza kuyajibu kwa sentensi moja, kabla upekuzi haujaanza. Na huku kwetu sentensi hiyo ina faida ileile: inasaidia PV iandikwe vizuri, na inazuia mtu mmoja kubebeshwa kosa la mwingine.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme mama mjane amepokelewa pamoja na watoto wawili katika nyumba ya fundi mmoja. Siku moja polisi wanakuja na karatasi. Wanamtafuta kijana wa fundi, anayeshukiwa kuiba simu dukani. Kijana hayupo. Wanapekua. Katika mfuko wa yule mama wanakuta simu mbili, na moja haina karatasi ya ununuzi.

Katika namna ya kwanza hakuna aliyesema neno. Polisi wanaona nyumba moja, wanaona simu, wanaandika: "Simu imekutwa katika nyumba ya fundi." Fundi anachukuliwa. Mke wa fundi anaanza kumtazama mgeni kwa jicho jingine. Jioni majirani wanasema: "Si tuliwaambia, hawa watu wa kutoka huko ni wezi?" Baada ya juma moja mama yule anatoka na watoto wake, na hajui aende wapi. Na pengine simu ile ilikuwa ya marehemu mume wake.

Katika namna ya pili, kabla ya kuanza, mama anasema kwa upole: "Afande, mimi ni mgeni katika nyumba hii. Mfuko huu ni wangu na vilivyomo ni vyangu. Niko tayari kufungua mwenyewe mkiona." Anaufungua mbele ya fundi na mbele ya mkubwa wa nyumba kumi. Simu ikionekana, anaeleza palepale ni ya nani, na PV inaandika: "Simu mbili, katika mfuko wa mgeni, naye anasema ni za marehemu mume wake." Polisi wanaweza bado kuzishika ili kuzichunguza. Lakini fundi hachukuliwi kwa simu asiyoijua, na mama ana karatasi ya kudai mali yake. Nyumba inabaki nyumba.

Ni sentensi mbili tatu tu zilizotofautisha mambo hayo.

HALI YA DHARURA NA MSAKO WA USIKU

Mtaniambia: "Mwalimu, wewe unazungumza juu ya karatasi, na sisi tunaamshwa usiku kwa kitako cha bunduki." Nawasikia.

Hali ya kuzingirwa ilianza tarehe 6 Mei 2021 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Amri ya Rais ya tarehe 3 Mei 2021 juu ya utekelezaji wake iliwapa wakubwa wa kijeshi uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku. Mahali uwezo huo unapotumika, msitumie nguvu zenu kubishana juu ya saa. Lakini hata katika hali kama hiyo Katiba, kifungu cha 61, inataja haki ambazo haziondolewi kamwe: haki ya kuishi, kutoteswa, na haki ya kujitetea ni miongoni mwake. Kupekua nyumba si ruhusa ya kupiga, wala ya kuiba, wala ya kugusa miili ya mama na wasichana. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilisema mwili wa mtu upekuliwe na mtu wa jinsia moja naye.

Mahali panaposhikwa na kundi lenye silaha, hakuna parketi ya kulalamikia, na maneno ya karatasi hayasaidii sana saa ile. Hata hivyo sheria ya vita inafika huko pia. Uporaji wa mali ya raia umekatazwa kwa kila anayepigana, awe na kofia ya serikali au asiwe nayo. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema vilevile kwamba mali yao ilindwe dhidi ya uporaji. Kumbukeni yaliyotendeka, siku, mahali na vitu vilivyochukuliwa. Ila msiandike mahali ambapo karatasi hiyo inaweza kuwahatarisha.

Na popote mlipo: uhai kwanza. Msiukimbie upekuzi, msivute mfuko kutoka mikononi mwa askari, msisukumane mlangoni. Haki inadaiwa baadaye na mtu aliye hai.

MAMBO YA KUFANYA

Kabla polisi hawajaja:

1. Mwenyeji na mgeni waketi pamoja siku ya kwanza, wakubaliane vitu vya kila mmoja vinakaa wapi. Mgeni awe na pembe yake, na mfuko wake uwe na alama au jina.

2. Mgeni ajulishwe kwa mkubwa wa nyumba kumi na kwa shefu wa kartie, pamoja na majina ya watoto. Mgeni aliyefichwa ndiye wa kwanza kushukiwa.

3. Mtu asipokee mzigo uliofungwa wa mtu mwingine "kwa siku mbili tu". Akipokea, aufungue mbele ya mwenyewe na ajue ulichobeba.

4. Silaha, risasi na mavazi ya kijeshi visiingie nyumbani, hata kwa usiku mmoja. Aliyetoka porini na anataka kurudi katika maisha ya raia aelekezwe kwenye mpango wa serikali wa kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji, P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021. Asijifiche nyuma ya watoto wa mwenyeji.

5. Karatasi za maana zitolewe nakala, na nakala iwekwe mahali pengine.

Wakati wa kupekuliwa:

1. Muulizeni kwa heshima: "Afande, mnatoka ofisi gani, na karatasi inasema mnatafuta nini?" Anayeweza kusoma aisome kwa sauti: jina, anwani, tarehe, sahihi, muhuri.

2. Ombeni mkubwa wa nyumba kumi au jirani aitwe awe shahidi. Wakikataa, msizuie kazi yao.

3. Mgeni ajitaje mapema, na ataje mfuko wake. Asiseme uongo, wala asikubali kuitwa mwenye vitu visivyo vyake ili kumfurahisha mwenyeji.

4. Mwenyeji naye asijibu juu ya mfuko asiouweka yeye. Aseme tu: "Huu si wangu, mwenyewe ni huyu."

5. Mtu mmoja wa jamaa awafuate wapekuzi chumba kwa chumba, mikono ikionekana.

Baada ya upekuzi:

1. Kabla ya kutia sahihi katika PV, ombeni isomwe katika lugha mnayoielewa. Kisichoandikwa vizuri, ombeni kirekebishwe. Msitie sahihi katika karatasi tupu.

2. Andikeni wenyewe orodha ya vilivyochukuliwa, pamoja na siku, saa na majina ya mashahidi.

3. Mtu akikamatwa, kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na apewe nafasi ya kuzungumza na jamaa yake au wakili wake. Hawezi kushikwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka. Hesabuni saa hizo, na mwende parketi zikipita.

4. Pesa yoyote inayoombwa, ombeni karatasi ya risiti. Anayekataa kutoa risiti amekwisha kuwaonyesha pesa hiyo inakwenda wapi.

NENO KWA VIONGOZI

Ninyi viongozi, kazi yenu kubwa inaanza polisi wanapoondoka. Hapo ndipo maneno yanapozaliwa. Mwenyeji anasema: "Umeniletea polisi." Mgeni anajibu: "Kumbe mlinipokea ili mnitupie mzigo wenu." Na wengine wanaongeza kabila juu yake, na moto unawaka.

Msiache siku tatu zipite. Waketisheni pande zote mbili, na shahidi awepo. Ulizeni nini kilitafutwa, nini kilikutwa, na wapi. Tengeni kosa la mtu na jina la jamaa yake, na tengeni kosa la mtu na jina la kabila lake. Kama kitu kilikuwa cha mgeni, ni huyo mgeni. Wageni wengine wote wa avenyu hawakuwa katika mfuko ule. Kama kitu kilikuwa cha mwenyeji, au kama mwenyeji alikisukuma katika mfuko wa mgeni ili kujiokoa, semeni wazi kwamba huo ni uovu, wala msiufunike kwa sababu mwenyeji ana nyumba na mgeni hana. Mtu asiye na mahali pa kwenda hujikuta ananyamaza hata anapoonewa. Ukimya wake msiuite kukubali.

Tena msiwe wapelelezi. Ninyi si wa kufungua mifuko ya watu usiku ili "kusafisha kartie". Kiongozi anayepekua wageni bila sheria anawafundisha vijana wake kufanya hivyohivyo kesho, na kesho kutwa mfuko utakaofunguliwa ni wa mama yake.

Na mkienda kuonana na komanda wa polisi, msiende kwa kulalamika tu. Mwombeni jambo moja lililo wazi: kabla ya kupekua nyumba yenye wageni, polisi waulize, "Nani anakaa hapa, na vitu vya nani viko wapi?" na majibu yaandikwe katika PV. Ombi hilo halizuii uchunguzi wa kosa lolote. Linamsaidia hata polisi mwenyewe kumpata mwenye kosa badala ya kukamata watu watano na kumwacha yule wa sita aliyetoroka.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunataka methali hiyo ibaki kweli katika nyumba zetu. Mwenyeji asiogope kufungua mlango, na mgeni asiogope kuweka mfuko wake chini. Mkirudi leo jioni, kila mmoja katika nyumba anayokaa, ketini kwa dakika chache, mwenyeji na mgeni, mkaoneshane vitu vya kila mtu viko wapi. Fanyeni hivyo kabla hodi haijapigwa.

 Mungu awalinde ninyi na jamaa zilizowapokea.